Sindano ya Muscat na mikono ya mama mdogo

Tabora, Jumapili usiku

Najua nimepotea karibu semista nzima, na kuna watu wameshaanza kuniuliza kwenye foleni ya wali maharage kama nimeacha kuandika. Sijaacha jamani. Kulikuwa na majaribio, kulikuwa na maandalizi ya mazoezi ya kufundisha, halafu likaingia jambo la kifamilia. Hilo la kifamilia ndilo limenisomesha baiolojia kuliko mhadhara wowote wa mwaka huu. Leo nalileta lote hapa, maana wengi wetu tuna mama, bibi au shangazi anayelalamika viungo, na ukishaitwa "msomi wa chuo" zamu yako ya kuulizwa itafika tu.

Swali nililoulizwa ni hili: je, mama mdogo achome sindano ya kutoka Muscat au asichome?

Mama mdogo ni mwalimu wa shule ya msingi hapa hapa Tabora, anakaa Isevya. Mwaka wa nne sasa vidole vyake vinavimba, vya mikono yote miwili kwa pamoja, pale kwenye vifundo vya katikati na vya mwanzo wa vidole, pamoja na viwiko vya mkono. Akiamka asubuhi mikono imekaza kama udongo uliokauka, inamchukua saa mbili mpaka ilegee. Kufunga khanga shida, kukamua nguo shida, na chaki ndiyo usiseme. Kuna siku wanafunzi wa darasa la tatu walimwandikia tarehe ubaoni wenyewe bila kuambiwa. Alinisimulia akicheka, lakini nilimwona macho.

Baba mdogo ana dada yake anaishi Muscat. Kwa watu wa Tabora hilo si ajabu. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita hapa Unyanyembe kwenda Ujiji, na wafanyabiashara kutoka Oman walijenga na kuoa hapa tangu karne ya 19. Baba yake Tippu Tip, Muhammed bin Juma, alikuwa mkazi wa hapa hapa. Kwa hiyo mpaka leo ziko nyumba za Tabora ambazo simu ikiita usiku unajua ni Oman.

Basi shangazi wa Muscat akapiga. Naye ana ugonjwa huo huo, akapewa huko sindano anayojichoma mwenyewe tumboni kila baada ya wiki mbili, na akapona, au tuseme akapata nafuu ambayo yeye anaiita kupona. "Wifi yangu, mie nilikuwa sishiki hata kikombe cha kahawa, leo nafua kwa mkono. Kuna mtu anasafiri mwezi ujao, nitampa mbili au tatu akuletee kwenye kiboksi cha barafu." Baba mdogo akafurahi. Mama mdogo akanyamaza. Kisha simu ikapelekwa kwangu: "Mwanangu, wewe ndiye unasoma baiolojia. Hii kitu inafanyaje kazi?"

Sikutaka kujibu kwa kubahatisha. Nikaomba siku chache nikasome. Haya niliyoyapata ndiyo nawapa.

TUANZE NA JINA

Mtaani kila maumivu ya viungo ni baridi yabisi. Bibi wa miaka 75 ambaye magoti yamechakaa, baridi yabisi. Mzee ambaye kidole gumba cha mguu kinawaka moto usiku baada ya nyama choma, naye baridi yabisi, kumbe ni gauti. Na mama mdogo, baridi yabisi. Majirani walimwambia aache kuoga maji ya baridi.

Jina lenyewe lina historia. Baridi na yabisi yote ni maneno ya Kiarabu, yaani baridi na kavu. Katika tiba ya zamani ya Wagiriki, ambayo Waarabu waliipokea na kuiendeleza, mwili ulielezwa kwa hali nne: joto, baridi, unyevu na ukavu. Ugonjwa ulikuwa ni hali hizo kupoteza mizani. Kwa mtazamo huo, kiungo kilichokaza kimeingiwa na baridi na ukavu. Sisi tumebaki na jina, na kwa jina hilo tunakwenda kutafuta joto: mafuta ya kuchua, tangawizi, asali, sweta.

Lakini ukishika kiungo cha mama mdogo kikiwa kimevimba, ni cha moto na ndani kina majimaji. Hakina ubaridi wala ukavu wowote. Ndani yake kuna vita, na wanaopigana ni askari wake mwenyewe. Kitaalamu huu unaitwa ugonjwa wa rumatoidi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inashambulia utando laini unaozunguka kiungo kwa ndani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa nao, na kama asilimia 70 ni wanawake. Usipotibiwa mapema unatafuna gegedu na mfupa, vidole vinapinda, na mfupa ukishaliwa haurudi.

MSAFARA ULIOKOSEA NJIA

Nilipokuwa namweleza mama mdogo nilitumia msafara, kwa sababu ni mwalimu wa maarifa ya jamii na mambo ya wapagazi wa Kinyamwezi anayajua kuliko mimi. Msafara wa zamani ulikuwa na kirangozi anayetangulia na bendera. Ngoma au baragumu ikilia, watu mia kadhaa wanabeba mizigo na kufuata. Wapagazi hawaulizi tunakwenda wapi, wanafuata sauti.

Kwenye damu yetu kuna seli nyeupe za aina nyingi, nazo hivyo hivyo zinafuata sauti. Sauti zao ni protini ndogo ndogo ambazo seli moja inazitoa na nyingine inazipokea, zinaitwa saitokini. Kwenye kiungo chenye ugonjwa huu kuna wahusika watatu wakubwa.

Wa kwanza ni seli T. Hizi ndizo zinazotambua adui na kuamuru. Seli T haianzi kazi kwa kuonyeshwa adui tu. Inahitaji ishara ya pili kutoka kwa seli iliyomwonyesha, kama vile barua ya hospitali isiyokubalika mpaka iwe na sahihi na muhuri.

Wa pili ni seli B. Zikikomaa zinakuwa viwanda vya kingamwili, zile protini zinazonata kwa adui. Kwa wagonjwa wengi wa rumatoidi, kingamwili nyingine zinanata kwa protini za mwili wenyewe. Ndizo zinazopimwa kwenye damu ukienda hospitali. Seli B pia zinawaonyesha seli T "adui", kwa hiyo zinachochea kutoka pande mbili.

Wa tatu ni seli walaji, zile kubwa zinazomeza vijidudu. Zikichokozwa zinatoa saitokini kwa wingi, hasa moja inayoitwa TNF na nyingine interlukini 6. TNF ilipata jina mwaka 1975 New York, watafiti walipoona inaua uvimbe wa saratani kwenye panya, na jina lake linasema hivyo hivyo: kiua uvimbe. Kwenye kiungo cha mama mdogo ndiyo kirangozi mwenyewe. Inaamuru kuta za mishipa midogo ya damu ziwe na kunata ili seli nyeupe zinazopita zishike na kuingia. Inaziamsha seli walaji zaidi, inaamsha seli za utando wa kiungo zitoe vimeng'enya vinavyokula gegedu, na inasaidia kuzaliwa kwa seli zinazobomoa mfupa. Ngoma haizimi, msafara unazidi kuingia kwenye nyumba isiyo na adui, na unakula kila kitu.

Mama mdogo akauliza swali ambalo sijawahi kulisikia darasani: "Sasa nani alimwambia kirangozi aanze?" Jibu la sayansi ni kwamba chanzo kimoja hakijapatikana. Kuna urithi, kuna sigara, kuna mambo ya fizi na mapafu. Maji ya baridi hayamo. Akasema afadhali, maana ameoga maji ya moto miaka minne na kuni zimepanda bei.

DAWA ZENYEWE

Hizi sindano zinaitwa dawa za kibaiolojia kwa sababu hazipikwi kwa kemikali kama Panadol. Zinatengenezwa na seli hai zinazofugwa kwenye matangi. Mlango ulifunguliwa mwaka 1975 pale Cambridge, Uingereza. César Milstein, mzaliwa wa Argentina, na Georges Köhler, Mjerumani, waliunganisha seli B ya panya na seli ya saratani isiyokufa, wakapata kiwanda kisichochoka kinachotoa kingamwili za aina moja tu. Walipata Nobel mwaka 1984.

Kisha London, Marc Feldmann na Ravinder Maini wakawa na wazo rahisi kulisema na gumu kuliamini: kati ya saitokini zote zinazopiga kelele ndani ya kiungo, ukizima TNF peke yake na nyingine zitapungua. Wenzao wengi waliona ni ndoto, maana ukiziba mdomo mmoja kati ya mia utapata nini? Mwaka 1992, Hospitali ya Charing Cross, wakawapa wagonjwa 20 kingamwili dhidi ya TNF, dawa inayoitwa leo infliximab. Watu ambao dawa nyingine zilishindwa walipata nafuu ndani ya siku na wiki. Kirangozi alikuwa amepatikana.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo mabweni mengi yanapokosea. Nilipoongelea jambo hili chumbani, mwenzangu mmoja akasema, "Si ndiyo zile dawa za kushusha kinga, unakuwa kama mwenye ukimwi?" Hapana. Virusi vya ukimwi vinaua aina moja muhimu ya seli T na kulegeza karibu ulinzi wote. Dawa hizi kila moja ina shabaha yake:

Kundi la kwanza linakamata TNF. Infliximab na adalimumab (ndiyo ya shangazi) ni kingamwili zinazoshika TNF kabla haijafika kwa msikilizaji. Etanercept ni sikio bandia: nakala ya kile kipokezi cha TNF, inaelea kwenye damu, TNF inanasa humo. Matokeo yake kuta za mishipa zinaacha kunata, seli nyeupe zinazoingia kwenye kiungo zinapungua. Na kuna jambo limenifurahisha sana: mwaka 2004 watafiti wa London walionyesha kwamba wagonjwa wa rumatoidi wana seli T za kutuliza ambazo zipo lakini hazifanyi kazi sawasawa, na baada ya infliximab uwezo wao wa kutuliza ulirudi. Yaani dawa haikunyamazisha tu wakorofi, iliwarudishia wazee wa busara sauti yao.

Kundi la pili linaziba sikio la interlukini 6, mfano tocilizumab. Ini linaacha kutengeneza zile protini za uvimbe zinazopimwa kwenye damu, homa inapungua, uchovu unapungua. Lakini hapo hapo kuna mtego: mgonjwa akipata maambukizi, homa na kipimo vinaweza kukaa kimya. Kwa sehemu kama yetu ambako homa ndiyo kengele ya kutupeleka hospitali, hilo si dogo.

Kundi la tatu ni abatacept. Hii inazuia ile ishara ya pili, ule muhuri. Seli T inaonyeshwa adui lakini barua haina muhuri, inarudi kulala.

Kundi la nne ni rituximab, nayo inaua kabisa. Inashika alama inayoitwa CD20 iliyoko juu ya seli B, na seli hizo zinatoweka kwenye damu kwa miezi sita, tisa, wakati mwingine zaidi, kisha zinazaliwa upya kutoka kwenye uboho. Lakini zile seli zilizokomaa kuwa viwanda hazina CD20, kwa hiyo zinabaki, na kingamwili nyingi za zamani za kujilinda nazo zinabaki. Kwa muda mrefu tuliambiwa seli B kazi yake ni kutengeneza kingamwili basi. Kama ingekuwa hivyo tu, rituximab isingeleta nafuu kubwa wakati viwanda bado vipo. Nafuu inaonyesha kwamba seli B zilikuwa zinachochea seli T pia. Mnaona? Dawa imekuwa mwalimu wa baiolojia.

Kwa hiyo si kushusha kinga, ni kuondoa kiungo kimoja kwenye mnyororo. Sasa swali la kujiuliza ni: hicho ulichoondoa kilikuwa kinafanya kazi gani nyingine?

BOMA LA KIFUA KIKUU

Hapa ndipo nilipoacha kusoma kama mwanafunzi nikaanza kusoma kama ndugu wa mgonjwa.

Kama robo ya watu duniani wamewahi kuingiwa na vijidudu vya kifua kikuu, na Tanzania iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo. Wengi walioingiwa hawaumwi na hawaambukizi. Kwa nini? Kwa sababu seli walaji zilimeza vile vijidudu, zikashindwa kuviua vyote, zikaamua kuvizungushia boma. Seli walaji katikati, seli T zikazunguka nje, vijidudu vimefungwa humo usingizini, pengine kwa miaka 30 au 40. Ukiishi Tabora unajua boma ni nini. Mirambo alijenga la kwake kule Urambo, na kila mtu alijua kwamba boma lisilo na walinzi ni kuni.

Na mlinzi anayezunguka usiku kucha kuliweka boma la kifua kikuu limesimama ni nani? Ni TNF. Yule yule kirangozi aliyeharibu vidole vya mama mdogo.

Mwaka 2001 ilitoka ripoti ya wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kuanza infliximab. Wengi walikipata ndani ya miezi michache ya mwanzo. Zaidi ya nusu kilikuwa nje ya mapafu, kwa hiyo hakikufanana na kifua kikuu tunachokijua cha kukohoa. Maboma yalibomoka, wafungwa wakatoka. Tangu hapo sheria ikawa kwamba mtu hachomwi dawa za kuzuia TNF kabla ya kupimwa kifua kikuu kilicholala. Akikutwa nacho anaanzishiwa kwanza dawa za kukizuia. Vivyo hivyo homa ya ini aina ya B, ambayo inaweza kulipuka hasa kwa rituximab, na watu wazima wa umri wa mama mdogo hawakuchanjwa utotoni.

Nikampigia shangazi Muscat, nikamuuliza kwa adabu, "Shangazi, kabla ya kuanza walikupima nini?" Akanitajia: picha ya kifua, kipimo cha damu cha kifua kikuu, homa ya ini, na kila miezi kadhaa anarudi. Mambo hayo yote yalikuwa nyuma ya ile sindano, ila kwenye kiboksi cha barafu yasingesafiri.

NJIA YENYEWE

Halafu kuna safari. Adalimumab inatakiwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8. Isigande, kwa hiyo kuilaza juu ya barafu moja kwa moja ni kuiua. Nje ya friji inaweza kukaa siku 14 tu, tena isipite nyuzi 25. Ni protini hiyo, ikipashwa moto inaharibika umbo kama yai, na wewe kwa macho hutaona tofauti. Sasa piga hesabu: Muscat mpaka Dar kwa ndege, Dar mpaka Tabora siku nzima kwenye basi, mwezi wa kumi wa Tabora mnaujua, umeme nao mnaujua.

Mama mdogo hapo akacheka akasema, "Kumbe mimi na Livingstone." Alikuwa anamaanisha hadithi anayowafundisha watoto. Mwaka 1867 sanduku la dawa la Livingstone liliondoka na watoro wa msafara, akabaki porini bila tiba. Na mwezi Machi 1872 Stanley alimwacha hapa Kwihara akaenda pwani kumtumia watu na mahitaji. Yule mzee akakaa kwenye tembe akingojea mpaka mwezi Agosti. Ile nyumba ni makumbusho sasa, wengi mmekwenda kupiga picha. Njia hii imezoea watu wanaongojea mzigo kutoka mbali.

Ila nilimwambia, na nawaambia na ninyi, sindano mbili tatu si tiba hata zikifika salama. Dawa hii ni ya kuendelea. Ukichoma mbili ukaacha, ugonjwa unarudi, na mwili wenyewe unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya dawa, siku ukiipata kihalali isifanye kazi.

TULICHOFANYA

Tulikwenda kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, mimi nikiwa mbeba faili. Akamuuliza mama mdogo kuhusu methotrexate, kidonge alichoandikiwa mwaka juzi. Mama mdogo akasema anakunywa "nikiumwa". Daktari akaweka kalamu chini. Akaeleza taratibu kabisa, bila kufoka: hiki si kidonge cha maumivu. Kinanyweshwa mara moja kwa wiki, siku ile ile, uumwe usiumwe. Kinapunguza kasi ya seli za kinga zinazozaliana kwa fujo, na matokeo yake yanaonekana baada ya wiki sita mpaka kumi na mbili. Kikinywewa kila siku kwa kudhani ni kama vingine, kinaweza kuua. Kikinywewa ovyo ovyo hakisaidii. Kinakwenda na foliki asidi, na damu na ini lazima vipimwe.

Yaani kabla ya kusema dawa za kawaida zimeshindwa, lazima kwanza zipewe nafasi. Duniani kote utaratibu ndio huo: methotrexate kwanza, ikishindwa ndipo sindano za kibaiolojia, na mara nyingi hata hapo methotrexate inaendelea pembeni.

Akampima kifua kikuu kilicholala. Kipo. Kifua safi, haumwi, ila boma lipo na wafungwa wamo. Homa ya ini hana. Ameanzishiwa dawa za kuzuia kifua kikuu, daktari akiangalia ini lake kwa karibu kwa sababu ya dawa mbili kwa pamoja. Nikafikiria: laiti ile sindano ingefika kwanza.

Leo ni wiki ya kumi na moja. Methotrexate kila Ijumaa usiku, baba mdogo ameandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda. Ukakamavu wa asubuhi umetoka saa mbili umefika kama dakika arobaini. Nguo bado hakamui. Tarehe ubaoni anaandika mwenyewe.

Shangazi tulimweleza, hakukasirika. Aliuliza tu, "Na methotrexate ikishindwa?" Hilo ndilo swali, na sitaki kulifunika kwa maneno matamu. Kwa watu kadhaa inashindwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliweka adalimumab na ndugu zake kwenye orodha ya dawa muhimu, yaani dawa ambazo mfumo wa afya unatakiwa kuwa nazo, si anasa ya matajiri. Ulaya dawa nakala za adalimumab ziliingia sokoni mwaka 2018 na bei ikashuka sana. Kwa hiyo sitasema sindano ya Muscat ni mbaya. Ni nzuri, imemrudishia shangazi mikono. Ila mwalimu wa Isevya anastahili kuipata pamoja na kipimo, friji na daktari, si kwenye begi la msafiri.

Basi wadau, mkienda likizo mwangalieni mama mikono. Vidole vikivimba pande zote mbili, asubuhi vikakaza zaidi ya nusu saa au saa nzima, na hali hiyo ikaendelea wiki sita, msimchue mafuta mkaishia hapo. Mpelekeni mapema, maana kinga ikituliwa mapema mfupa unapona kuliwa. Na kama kuna mtu ameshaandikiwa methotrexate, muulizeni swali moja tu: unakunywa siku gani ya wiki? Akikosa siku ya kutaja, rudini hospitali naye.

Ni hayo kwa leo. Kesho nina kipindi saa moja asubuhi na andalio la somo sijalimaliza. Mada ni kinga ya mwili, kidato cha tatu. Kirangozi nimeshampata, natafuta ngoma ya kuazima.